Mama Sifa Analitaka Jina Lako

Mama,

Nakuandikia nikiwa na hasira, unisamehe. Ni miezi minane tangu tukuzike, na jambo ambalo lingepaswa kunifurahisha limenivuruga kabisa. Mama Sifa, jirani yetu wa ufukweni aliyeapa hatakanyaga kanisani, anabatizwa Pasaka hii. Anataka mimi niwe mama yake wa ubatizo. Tena juu ya Sifa, jina lake mwenyewe la kuzaliwa, anataka kuongeza Monika. Jina lako, Mama!

Nilimjibu "nitaona", nikafunga mlango.

Habari za nyumbani ni hizi. Ziwa limepanda tena, maji yanaingia jikoni, vyungu na makaa tumehamishia chumbani mwako. Irene wangu ameanza shule, anaimba kutwa nzima. Kwenye shirika, tunaposali na majirani, pale ulipokuwa unakaa karibu na dirisha, hakuna aliyethubutu kupakalia mpaka juma lililopita. Mama Sifa aliingia akakaa hapo hapo. Hakujua. Nilimkazia macho mpaka sala ikaniishia mdomoni.

Naona wivu, Mama. Basi, nimeshasema.

Unakumbuka matanga ya binti yake, yule aliyechukuliwa na kipindupindu kwa siku mbili? Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimepewa cheti cha ukatekista, kichwa kimejaa mafundisho. Nikakaa naye pale mkekani nikamwambia ni mapenzi ya Mungu. Akainuka, akanimwagia beseni zima la maji aliyooshea ndakala. Nilirudi nyumbani nanuka samaki, nikijua utanitetea. Wewe ukaniambia, "Mutoto wangu, nani alikuita kufundisha? Muache kwanza alie."

Ndipo zikaanza Alhamisi zako. Miaka mitano, kila Alhamisi, ulienda kuanika naye ndakala mchangani. Hukubeba Biblia. Hukumuuliza kwa nini hasali. Alipomtukana Mungu, uligeuza samaki na kumsikiliza. Mimi nikikosa misa moja tu, ulininunia juma zima! Nilikuwa nakusubiri mlangoni, unarudi umechoka, umeungua jua, na maneno yote matamu umeyaacha kule.

Halafu hilo jina. Irene alipozaliwa niliomba aitwe Monika, ukakataa: "Mupe jina la mama ya bwana yako, njo heshima." Nilitii huku nalia. Na siku yenyewe ya kuzaa hukuwepo materniti. Ilikuwa Alhamisi. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, nimeshikwa na uchungu tangu alfajiri, nakuita mpaka koo limekauka, wananiambia umeenda ufukweni. Ufukweni, Mama! Hilo sikuwahi kukusamehe, na umekufa sijakuambia.

Jana Mama Sifa alirudi. Hakusubiri nimkaribishe, alisema akiwa amesimama mlangoni:

"Ile siku ulikuwa unazaa, mama yako alikuja kwangu anatetemeka. Akapiga magoti mu mchanga. Akaniambia, 'Sifa, nimesali mpaka maneno imeisha. Nisaidie.' Miye mwenye sikukuwa nasali! Nikamwambia Mungu, sikujui, tena tuko na maneno yetu sisi wawili, lakini muachie huyu mama mutoto wake. Toka nilizika wangu, sala yangu ya kwanza ilikuwa ya weye."

Akaenda zake. Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni, miguu ndani ya maji, nikalia kama ambavyo sikulia hata siku ya kukuzika.

Kumbe hukunitupa. Na bado, Mama, hata hilo namwonea wivu. Yeye alikuona umeishiwa maneno. Mimi miaka yote ulinionyesha rozari na uso mkavu, nikadhani hujui kuogopa. Ungenionyesha mimi pia, walau mara moja. Lakini nimeelewa kwa nini alikuamini. Mimi nilimpelekea majibu wakati maiti ya mtoto wake iko ndani. Wewe ulienda kumwomba msaada, mtu ambaye kila mmoja alidhani hana cha kumpa Mungu wala mtu.

Pumzika sasa, Mama yangu. Nakuahidi, Pasaka nitasimama nyuma yake, mkono wangu begani kwake, na padri akiuliza jina, nitalitaja kwa sauti. Wivu haujaisha, nitaingia nao kanisani hivyo hivyo. Na kabla ya hapo, Alhamisi hii, nitashuka ufukweni kuanika naye ndakala, nimuulize binti yake aliitwa nani. Miaka yote hii sijawahi kumuuliza.

Mutoto wako,
Adela