Alhamisi Ambayo Mkwe Hayupo

Mpendwa mama mkwe,

Jina lako silitaji hata leo. Nimejaribu kuliandika hapa juu mkono ukakataa, na najua ungenicheka, maana wewe mwenyewe uliniita "huyo wa Malaba" hata baada ya kupata wajukuu kwangu. Wasiotufahamu wajue tu kwamba wewe ndiye mama yake Achieno, mke wangu, kwamba nyumbani ni Sigalame, na kwamba saratani ya mlango wa kizazi ilikuchukua ukiwa bado na nguvu za kubeba gunia la omena, dagaa wa ziwani, kichwani na kubishana bei mpaka muuzaji aombe maji.

Nakuandikia kwa sababu ya mdogo wako. Uliniachia yeye, na nataka kukueleza tulipofika.

Kwanza nimweleze msomaji, asije akadhani tulikuwa na ugomvi. Kwenu Wasamia, kama kwetu Wateso, mama mkwe na mkwe hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huacha njia. Si chuki, ni heshima, tena heshima yenye raha yake. Siku nilipokuja kuposa sikukuona kabisa. Nilisikia kicheko chako nyuma ya pazia, mtu alipokunong'oneza kwamba kijana ni mzuri ila masikio yake ni makubwa. Kwa miaka yote tuliyojuana nimeuona mgongo wako kuliko uso wako. Ningeweza kukutambua katikati ya soko zima la Busia kwa lile bega la kushoto unaloliinua unapotembea.

Unakumbuka mvua ile ya Busia? Wewe ulikuwa umetoka kuuza omena, mimi nimetoka kufuata dawa za zahanati, tukajikuta chini ya baraza moja la duka. Hapakuwa na pa kukimbilia. Ulijifunika gunia kichwani ukageukia ukuta, nami nikageukia barabara, tukakaa hivyo mpaka mvua ikapungua. Yule mama wa upande wa Uganda aliyekuwa akiuza matoke alituangalia akachoka. "Huyu ssebo amekukosea nini?" akakuuliza, ssebo kwao ikiwa ni bwana. Nawe ukamjibu ndani ya gunia, "Hajakosea. Ameoa msichana wangu." Nilicheka peke yangu njia yote ya kurudi.

Nilikupenda, mama. Sikuwahi kukuambia kwa sababu si jambo ambalo mkwe humwambia mama mkwe, lakini sasa nalisema waziwazi, na wanaotaka kushangaa washangae.

Shida ilianza nilipohamishiwa zahanati ya kwenu. Achieno alifurahi, mimi nilifurahi, wewe hukufurahi. Mimi ni klinikal ofisa, ingawa watu huniita daktari, na kazi ya kuwapima wanawake mlango wa kizazi haikuwa hata yangu. Ilikuwa ya Sista Imelda, muuguzi wetu, mama mtu mzima mwenye mikono mipole. Anapaka siki kidogo, anasubiri, anaangalia. Penye afya panabaki rangi yake, penye seli zilizoanza kubadilika panageuka peupe. Ni jambo la muda mfupi kuliko kusubiri chai ichemke. Achieno alikuja kukubembeleza, nawe ukamkatalia kwa maneno ambayo aliniletea nyumbani kama yalivyo.

"Siwezi vua nguo kwa nyumba ya mkwe."

"Mama, hiyo ni dispensari ya serikali."

"Funguo zake nani analala nazo?"

"Mkweo, Baba Nabwire."

"Basi ni kwake."

Kwa mila ulikuwa sahihi kabisa: nyumba ni ya mwenye funguo, na mimi ndimi niliyelala nazo. Ukasema utaenda kupimwa hospitali ya Nangina, ambako huna mkwe. Nadhani ulimaanisha kwenda. Lakini omena haimngoji mtu, mara samaki wameshuka bei kule ziwani, bandari ya Sio Port, mara kuna mazishi, mara mjukuu ana homa, na wewe hukuwa na maumivu yoyote ya kukusukuma. Hapo ndipo ugonjwa huu unapotuzidi akili. Unajijenga kwa miaka bila kuuma, na ule muda ambao hauumi ndio muda ambao unatibika kwa urahisi.

Damu ilipoanza, wewe uliyekuwa umeshasahau mambo ya mwezi, ulimwambia Achieno umerudi usichana. Mkacheka wote wawili. Mgongo ulipouma ukasema ni gunia. Harufu ukaificha kwa sabuni na kwa kukaa mbali na watu. Achieno alipokuja kukuta leso zako zimeanikwa nyuma ya choo, mahali ambapo hakuna mtu anayeanika nguo, alikupeleka hospitali bila kukuuliza. Kule walituambia kwamba saratani imeshavuka mlango, imeingia ndani.

Sitasahau jioni uliyotaka kuelezwa. Ulikuwa jikoni kwako, mimi nje nimeketi kwenye kigoda, ukuta wa udongo katikati, na Achieno mlangoni akiwa mjumbe wetu. Sauti zote tulizisikia, lakini ilibidi zipitie kwake.

"Mwambie mkwe mimi nimejua mwanaume mmoja tu, baba yenu. Hii kitu nimetoa wapi?"

"Mama anasema amejua mwanaume mmoja," Achieno akaniambia, macho yake yakiwa chini.

Nikamwambia Achieno akuambie kwamba ugonjwa huu si laana wala si ushahidi wa tabia ya mtu. Unaletwa na kirusi kiitwacho HPV, kinachopita kwa tendo la ndoa, na karibu kila aliyewahi kuwa na mwenzi hukutana nacho. Mume mmoja anatosha kukileta, naye mwenyewe asijue. Miili mingi hukifukuza. Baadhi ya miili hukishindwa, kikakaa, na polepole seli zikaanza kukua bila mpango. Nikasema wapo wanaokuwa kwenye hatari zaidi: mwenye virusi vya ukimwi, aliyeanza tendo hilo mapema sana, aliyezaa watoto wengi, mvutaji wa sigara.

Nilipotaja sigara ukanikatiza.

"Mwambie mkwe mimi sivuti."

Achieno akaniangalia. Kijiji kizima kilijua, mama. Ulivuta kama marehemu mama yako alivyovuta, upande wenye moto ukiwa ndani ya mdomo, ukikausha samaki nyuma ya jiko, na ukinisikia nakohoa barabarani uliitema. Nikamwambia Achieno akuambie kwamba nimesikia, na kwamba sigara peke yake haileti ugonjwa huu, ila humsaidia adui. Ukacheka kidogo. Kisha ukauliza swali ambalo Achieno alishindwa kulirudia, nami nikakujibu moja kwa moja kupitia ukutani, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Uliuliza kama ungepimwa mapema ungepona. Nikasema, "Ndiyo, mama."

Sikutaka kukudanganya. Hukulia. Ulisema tu, "Sawa."

Mionzi ya Eldoret ilikupa muda kidogo. Mwishoni, ulipokuwa umelazwa, sikuingia wodini. Nilisimama nje ya dirisha, kama ilivyonipasa, na wewe ukajua nipo hata bila kuambiwa.

"Mkwe, uko hapo?"

"Niko, mama."

"Huyo mdogo wangu. Usimuache."

Ndugu zako wengine walikuwa wameshatangulia. Huyu ndiye aliyefunga tumbo la mama yenu, na wewe ulimlea kama mwanao. Nilikuahidi, na nilipoahidi nilijua kabisa kwamba kwa mila yeye pia ni mama mkwe wangu, na funguo bado ziko kwangu.

Baada ya matanga Achieno alimwendea. Mama mdogo akamsikiliza, akampa uji, akamwambia, "Dada yangu ndiye alikuwa mgonjwa. Mimi ni mzima." Achieno akamwambia kwamba kipimo hiki ni cha hao hao walio wazima, anayengoja dalili amechelewa. Akajibu kwamba hata hivyo haingii nyumba ya mkwe. Na si yeye peke yake. Tulipokaa kuhesabu ukoo wa Achieno tukagundua kwamba nusu ya kina mama wa kijiji ni wakwe zangu kwa namna moja au nyingine, na ndio hao wasioonekana zahanati. Mimi nilidhani wana afya njema.

Mkubwa mmoja wa afya alipofika kwetu alituambia tupige vita mila potofu. Nilimheshimu lakini nilikataa, tena kwa sauti. Mila hiyo ndiyo iliyonifunza kumheshimu mama wa mke wangu. Haijamkataza mwanamke yeyote kupimwa. Imenikataza mimi kuwa pale. Basi wa kuondoka ni mimi.

Nikamtafuta Amoit, klinikal ofisa mwenzangu tuliyesoma naye, anayefanya kazi katika zahanati moja kule ng'ambo ya Kocholia. Kumbe naye alikuwa na yake: wazee wa ukoo wa mumewe wanakaa nyumbani na presha zao na mikojo inayowasumbua, kwa sababu hawawezi kumweleza mke wa mtoto wao. Tulicheka mpaka simu ikaishiwa salio. Tukaomba ruhusa, tukapewa. Alhamisi moja ya mwezi yeye anakuja kwetu, mimi naenda kwao. Wafanyakazi wakaiita siku ya wakwe, na jina likashika.

Alhamisi ya kwanza iliharibika. Asubuhi dereva wa gari la chanjo alinipa lifti, nikaiacha pikipiki yangu pembeni mwa zahanati. Kina mama walikuja, mama mdogo akiwa mbele. Walipofika langoni akasimama.

"Hiyo pikipiki si ni yake?"

"Mwenyewe ameenda," Sista Imelda akawaambia.

"Na funguo ameenda nazo?"

Imelda hajui kudanganya, akawaeleza ukweli. Funguo nilikuwa nimemwachia asubuhi hiyo tu, juu juu, kama mtu anayeomba kushikiwa mzigo, na jioni zingerudi kwangu. Wakageuka wote. Achieno aliponipigia simu nilikuwa natibu wazee wa watu kule Kocholia, na nilihisi hasira ambayo sijawahi kuihisi, si kwao, ila kwa huo ugonjwa unaopita katikati ya heshima zetu kana kwamba tumeutengenezea njia.

Sikukata tamaa. Mwezi uliofuata, Jumapili, baada ya ibada, watu wakiwa bado nje ya kanisa, nilimwita Sista Imelda. Nikatoa kishada chote cha funguo, nikampa kwa mikono miwili mbele ya wazee, nikasema zahanati kuanzia leo hadi Ijumaa ni nyumba yake, atalala nazo yeye. Mzee mmoja akakohoa, akasema ameshuhudia. Wengine wakaitikia. Hakuna aliyecheka, mama, na mama mdogo alikuwa nyuma ya mti wa mkrismasi uliopandwa kando ya kanisa, amejitanda leso, akinisikiliza kwa mgongo.

Jumatano niliondoka na pikipiki, koti langu, hata kikombe changu cha chai.

Alhamisi saa za mchana Achieno alinipigia. Sauti yake ilikuwa chini. "Mama mdogo ameingia," akasema. Nikamwambia mzee niliyekuwa nampima aniwie radhi, nikatoka nje, nikasubiri. Simu iliporudi alikuwa akilia, na kwa muda sikujua ni kilio gani.

"Wameona pameota weupe," akasema. "Amoit amesema ni mwanzo tu, bado si kansa. Wamelichoma hilo doa hapo hapo, na kile chuma cha moto cha kuua seli mbaya. Amesema anaumwa kidogo kama mwezi. Sasa anataka chai."

Nilikaa chini kwenye ngazi ya zahanati ya watu nikalia mbele ya wagonjwa wao, mkweo mzima na masikio yake. Doa lile lile, mama. Ninaamini wewe pia ulipitia mwanzo kama ule, ukitembea nao sokoni bila kujua. Kwake limekutwa mapema. Amepewa tarehe ya kurudi mwakani kuangaliwa tena, na Achieno ameiandika ukutani kwa makaa. Achieno mwenyewe amepimwa, yuko salama. Nabwire, mjukuu wako, amechanjwa shuleni dhidi ya kirusi hicho hicho, akaja nyumbani akilalamikia mkono.

Juzi nilikutana na mama mdogo kwenye njia ya kisimani. Aliniona kabla sijamwona, akaacha njia, akageukia mahindi. Nikapita kimya nikisukuma pikipiki. Nilipokuwa nimeshampita, nikamsikia.

"Mkwe."

Nikasimama bila kugeuka.

"Asante kwa kutokuwepo."

Bado kuna wengi, mama. Kuna wale wa ng'ambo ya mto wanaosema wamezeeka, na wale wasichana wa stendi ya Malaba wanaodhani ni ugonjwa wa wazee. Nitawafuata wote, kwa kuwepo ninapotakiwa na kwa kuondoka ninapozuia. Lala kwa amani. Alhamisi tunapima tena, na mimi sitakuwepo.

Mkweo,
huyo wa Malaba