Hakuanguka na Pikipiki

Nyumbani kwa Mama,
Nyuma ya soko la samaki, Anping,
Tainan.
23 Machi 2024

Mpendwa Kaka Jui-lin,

Habari za huko Ciudad del Este? Natumaini wewe na shemeji A-chu mu wazima, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua tangu umwajiri mtu wa kubeba hayo maboksi ya televisheni. Huku tunaendelea. Mama ana presha yake ileile na ulimi wake uleule. Juzi amemtukana muuza samaki sokoni mpaka akapunguziwa bei. Mimi ni mzima, isipokuwa meno mawili ya mbele sinayo tena. Nitakueleza.

Ningekupigia simu, lakini nakujua. Ungeanza kutukana kabla sijafika katikati, nami ningekujibu, tungeishia hapo. Soma mpaka mwisho, ndipo utukane. Mwanao Yun-ju alikwambia mkono wake ulivunjika alipoanguka na pikipiki. Hakuanguka. Nilimvunja mimi, kwa kiti cha chuma, mbele ya watu sitini.

Unaijua Danzai, kile kiunzi chetu cha kujengea tovuti, ambacho yeyote duniani hukichukua bure na yeyote huruhusiwa kukirekebisha. Nimekitumikia miaka kumi na mmoja bila kulipwa hata bakuli la tambi. Mtu akileta rekebisho, mashine hulipitisha kwanza kwenye majaribio elfu sita, ione kama limevunja kitu. Yote yakipita inawaka kijani, moja likifeli inawaka nyekundu. Shida yetu ilikuwa muda: dakika hamsini na moja. Vijana walikuwa wanaleta kazi, wanasubiri, wanachoka, hawarudi tena. Jumuiya ilikuwa inatukaukia mikononi.

Nikajifungia miezi minane. Niliyagawa majaribio katika makundi manane yakimbie kwa pamoja, yakaisha kwa dakika nne. Dakika nne, Kaka! Hata watu wa Korea waliniandikia pongezi. Nikavimba kichwa, sikufichi.

Yun-ju aliniandikia mara mbili kwamba kuna kitu hakimwingii akilini. Mara ya kwanza sikumjibu. Mara ya pili nilimwambia akafue soksi zake kwanza, ndipo aje kunifundisha kazi.

Siku ya mkutano mkuu, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa mbele ya ukumbi najisifia dakika zangu nne. Yun-ju akasimama.

"Baba mdogo, naomba nivunje kitu."

"Vunja, mwanangu, vunja utakacho! Leo ndiyo utajua."

Akaja mbele, akafuta sehemu yote inayokagua nywila. Yaani sasa mtu yeyote angeingia popote kwa kuandika lolote. Akaikabidhi mashine. Tukasubiri dakika nne. Ikawaka kijani.

Makundi saba kati ya yale manane yalikuwa matupu. Nilikuwa nimekosea mstari mmoja tu, ule wa kuyajaza, na kundi lisilo na jaribio hata moja hujibu kwamba hakuna lililofeli. Miezi mitatu tulikuwa tunapitisha uozo huku tunapeana mikono. Watu wakaanza kucheka. Bwana Kuo, mwenyekiti wetu, naye alicheka huku ameziba mdomo.

Hata hapo ningemeza. Lakini juu ya mashine palikuwa na ile pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, tunayoiweka ili mashine itulie isilete ukorofi. Unajua haiguswi. Mimi mwenyewe ndiye ninayeibadilisha kabla tarehe yake haijapita. Yun-ju aliichana, akatia kimoja mdomoni.

"Naila mimi, Baba mdogo. Hapa inalinda nini? Mashine yenyewe ipo likizo!"

Sikumbuki kukiinua kiti. Nakumbuka mkono wake ukipanda kukinga kichwa, na mlio, kama mtu anayevunja muwa kwenye goti. Nikainua tena. Ndiyo, Kaka, niliinua na mara ya pili, na Bwana Kuo asingenirukia ningekishusha. Mzee wa miaka sitini na tano alinitwanga ngumi ya mdomo, na wengine wakanimalizia kwa mateke nikiwa chini. Mmoja alinikanyaga vidole akisema, "Hivi hapa ndivyo vya kuandikia uongo." Meno yangu yalibaki kwenye zulia pamoja na vile vitafunio. Simlaumu mtu.

Hospitalini daktari alimuuliza imekuwaje. "Nimeanguka na pikipiki," akasema, huku machozi ya maumivu yanamtoka. Daktari akanitazama mdomo wangu unaochuruzika damu, akaandika alichoambiwa. Nami nikanyamaza.

Mama yeye hakudanganyika. Alinichapa kwa kiango cha nguo mpaka kikapinda. "Damu ya baba yako! Ya baba yako tupu!" Nina miaka arobaini na saba, nilipiga magoti jikoni nikapigwa.

Jumuiya imenifukuza, na wana haki. Lakini wiki iliyofuata Yun-ju, vyuma vitatu mkononi, aliniita mezani.

"Kaa. Mimi nasema, wewe unaandika. Mkono mmoja hautoshi, na aliyeuondoa wa pili unamjua."

Kila alasiri tangu siku hiyo ananiamuru, nami naandika. Neno lake kubwa ni "Futa." Nimeifuta miezi yangu minane mstari kwa mstari, midomo imevimba, bila kubisha. Kitu kipya cha kwanza alichoniandikisha ni kwamba kundi tupu lihesabiwe limefeli. Tulipoendesha, zikawaka taa nyekundu thelathini na moja. Leo zimebaki mbili, na majaribio yote yanaisha kwa dakika tisa, yakifanya kazi kweli. Vijana wawili wa Hualien waliokuwa wamekata tamaa wamerudi. Kazi inakwenda kwa jina la Yun-ju peke yake, sikuomba liwekwe langu.

Aliniambia, "Usimwambie Baba. Atapanda ndege aje akuue. Nimeshasema nilianguka, yaishe." Nilikubali, Kaka. Nililala usingizi mzuri siku mbili nzima. Siku ya tatu nilimsikia akikwambia kwenye simu, kwa sauti ya kucheka, jinsi gurudumu lilivyoteleza kwenye mvua, na nilishindwa kumaliza chakula.

Unakumbuka Baba alivyokupiga kwa mpini wa ufagio kwa sababu ya ile redio, mpaka ukazirai? Daktari alipouliza, mimi ndiye niliyejibu. Nilikuwa na miaka tisa. Nilisema umeanguka ngazini. Njiani kurudi Baba alininunulia barafu ya maembe, nikaila yote. Ulipopata nafuu ulinitazama tu, hukuniuliza kitu, na miaka mitatu baadaye ukaondoka nyumbani.

Ukitaka kuja, njoo. Chumba chako kipo, mlango sifungi, na sitanyanyua mkono kujikinga. Ila usimgombeze Yun-ju kwa uongo wake, maana aliusema kwa ajili yangu. Hajui kwamba nakuandikia.

Mpe salamu nyingi shemeji A-chu. Dada Hui-mei anakusalimu na anauliza kama dawa ya mgongo ilifika. Mama anasema uvae soksi. Mazu, mlinzi wa wasafiri, awatangulie kila mwendako, na awarudishe salama.

Na ngazini, Kaka, hukuanguka. Nimechelewa miaka thelathini na minane kulisema.

Mdogo wako akupendaye, hata kama leo hutaki kulisikia neno hilo,

Mao-sheng