Ubao wa Papa Leo

Mkunazini, Mji Mkongwe
9 Julai 2025

Kwa mwanangu mpendwa Sichana binti Abdulwahid, Jambiani.

Pokea salamu zangu za heshima, nawe uzifikishe kwa mumeo Muhiddin, kwa wanao, na kwa kinamama wote wa kikundi chenu cha mwani, kila mmoja kwa daraja yake. Natumaini barua hii itawakuta katika afya. Mimi namshukuru Mungu. Magoti yangu yanazilalamikia ngazi, nami nayalalamikia magoti, na hivyo ndivyo tuishivyo nyumbani humu tangu marehemu mke wangu Felista alipotuacha.

Naomba radhi kwa kuchelewa kukuandikia. Hayakuwa maradhi wala safari, ilikuwa kuona haya. Barua hii nimeianza zaidi ya mara moja, na kila nilipofika kwenye jina lako kalamu ilisita, kwa kuwa nilijua kinachofuata baada ya jina ni maelezo.

Uliniomba nikutafutie jambo la kuwafurahisha kinamama, maana walikuwa wamekwisha kujifunza kuelea kwa madumu, na hilo si dogo kwa watu waliokua wakiambiwa kwamba bahari ya mwanamke inakoma magotini. Nililifahamu vyema kusudio lako. Maji ya pwani yamekuwa ya moto, mwani unaoza kwenye kamba, na asiyeweza kwenda kwenye kina kirefu hana tena shamba. Basi Mansour, huyu kijana anayeonyesha sinema katika ua wa ukumbi ulio nyuma ya nyumba yangu, akanijulisha kwamba Jumamosi ile ataonyesha filamu ya zamani inayotimiza miaka hamsini. Akaniomba niandike ubao, kwa vile amesikia kwamba ujanani niliandika mbao za jumba la sinema ambalo marehemu baba yako aliendesha mashine yake.

Ubao wetu wa siku zile ulikuwa mdogo. Filamu yoyote, hata ingekuwa na jina refu la kigeni, mimi na baba yako tuliipa neno moja la Kiswahili, na chini yake siku: LEO, au KESHO. Mkono haujasahau. Nikaandika kwa chaki nyeupe, kwa herufi zilizosimama sawasawa: PAPA LEO. Na kwako nikatuma neno kupitia Mwalimu Shemsa wa skuli yenu: "Jumamosi njooni mjini, kuna papa."

Yaliyotokea uliyaona. Lakini mimi nilikuwa mlangoni, niliyaona yakiingia. Kwanza akaja Mama Domitila na wanawake wenziwe wa parokia, wamevaa vitenge vya Jumapili na rozari mikononi, kwa kuwa ulimwengu wa Kikatoliki umepata Papa Leo mwezi wa Mei, nao walidhani wataletewa picha zake. Kisha mkaingia ninyi, na Bi Time ametangulia na sinia la mikate ya kumimina, akiuliza mchuzi wa papa unapakuliwa upande gani. Nikatazama rozari upande huu na sinia upande ule, nikafahamu nilichokifanya. Ilinipasa kusema hapo hapo. Mansour alikuwa amekwisha kuzima taa na kumfungulia papa wake mla watu, nami nikaona haya kupaza sauti gizani.

Sasa Shemsa ananiambia kwamba tangu jioni ile hakuna mwanamke wa kikundi chako aliyekwenda mbali na ufuo. Nisamehe, mwanangu. Ikiwa lipo neno la kunikemea, nakuomba uliandike bila kulipunguza.

Barua hii ataileta Abdulrazak wa gari la samaki, ambalo hurudi Jambiani likiwa tupu.

Ami yako,
Anselmi Farajala

*

Jambiani
21 Julai 2025

Kwa Ami yangu Anselmi,

Shikamoo Ami. Barua imenifika, inanuka changu lakini inasomeka. Huku hatujambo, ila Muhiddin ana kikohozi cha baridi hii ya kusi. Pole na magoti. Abdulrazak atakupa kichupa cha mafuta ya karafuu, yametoka mashamba ya Kizimbani, ukande jioni na usitoke nje baada ya kukanda.

Nlitaka kukupigia simu, lakini najua husikii vizuri, na mambo haya si ya kupigiana kelele.

Ami, sikukasirika. Nlikasirika kidogo, halafu nkacheka, halafu bamvua la maji makubwa likaja nkakasirika tena. Maji yalitoka vizuri, asubuhi nzuri, jua halijachoma. Mimi na Nusrat, mdogo wetu kikundini, tukaingia. Tukageuka nyuma, tukaona kinamama wote wamesimama kwenye maji ya kifundo kama wanaosubiri kivuko. Nkawaita. Bi Duni akajibu kwa mbali, "Mimi miguu yangu nshaiona, mizuri, sina haja ya kuiona ikiliwa kutoka chini!" Ndivyo ilivyowaingia, ile picha ya miguu inavyotazamwa na aliye chini.

Bi Time ndiye mbaya zaidi. Alikuwa wa kwanza kuelea, unakumbuka nlikuandikia. Sasa dumu lake kalikata, kawatilia kuku maji. Nkamwambia, "Bi Time, umezaliwa hapa, umezeeka hapa, umepata kusikia papa kala mtu Jambiani?" Akanambia, "Na wale wa kwenye sinema nao walikuwa hawajapata kusikia."

Nkaondoka, nkawaacha kuku wanakunywa dumuni.

Na yule mkubwa wa mji kwenye sinema, aliyekataa kufunga pwani kwa ajili ya wageni, Bi Duni anasema huyo anamjua, ila hatamtaja.

Tunacheka, Ami, lakini kamba zetu ziko huko kwenye kina. Tulizitia Mei. Wawili hatuwezi kuzisafisha zote, majani machafu yanaota juu ya mwani. Na eneo lile tumepewa kwa masharti: likionekana halina watu mpaka mwisho wa msimu, wanapewa wengine. Waliolitaka wapo na wanatuangalia.

Jambo moja silifahamu, na wewe filamu ile uliionyesha na baba wiki nzima, unaijua kuliko mtu yeyote. Bi Time anailaani kila siku. Na kila siku, bombani, anaihadithia toka mwanzo. Watu wanaacha ndoo zao zinafurika. Aliyekwisha kuisikia jana anakuja tena leo. Ina nini? Nikijua kilipoingilia, pengine ntajua pa kukitolea.

Anakuletea Abdulrazak, pamoja na mafuta.

Mwanao,
Sichana

*

Mkunazini
27 Julai 2025

Mwanangu Sichana,

Salamu nyingi, na shukrani kwa mafuta, ambayo yamenifanya ninuke kama ghala lakini yamenipandisha ngazi bila ya kupumzika katikati. Mpe Muhiddin pole. Naomba radhi pia kwa mwandiko. Nimeandika karibu na dirisha na upepo umekuwa ukiisoma barua kabla yako.

Umeniuliza swali ambalo baba yako aliniuliza pia, siku filamu ile ilipomaliza wiki na watu wakaendelea kuja. Nilimjibu kwa mzaha. Wewe nitajaribu kukujibu kwa adabu.

Kazi yangu ilikuwa mlangoni, kwa hiyo nilizitazama nyuso kuliko pazia. Niliona kwamba waliokuja mara ya pili hawakukaa mbele. Walikaa nyuma ya wageni, wapate kuwaona wakishtuka. Hilo ni jambo moja. La pili ni kwamba papa mwenyewe haonekani. Filamu inakwenda nusu nzima, nawe umeona pezi tu, au maji yaliyotulia kupita kiasi, au umesikia zile sauti mbili za muziki zinazokaribia. Basi kila mtu aliye kitini anajitengenezea papa wake, kwa kadiri ya hofu aliyoingia nayo. Mwenye hofu ya maji anapata papa wa maji. Mwenye hofu ya wakubwa wasiosikia anapata wa namna hiyo. Papa wa namna hii hachakai, kwa kuwa kila anayeingia huja na wake. Ndivyo nionavyo, na huenda nimekosea.

Lakini ninayo dawa, na naomba uwasomee kinamama. Nimepata kusoma kwamba yule papa alikuwa mashine. Maji ya chumvi yalimharibu kila siku, akazama, akakwama, na waliotengeneza filamu wakalazimika kumficha kwa sababu hakuwa akifanya kazi. Waambie, kwa heshima zote, kwamba walichokiogopa ni chuma na mpira.

Nilikwenda kumwomba radhi Mama Domitila. Nilijitayarisha kwa hotuba ndefu. Alinikatiza akaniuliza kama ni kweli kwamba ipo sehemu ya pili. Mansour naye ameniagiza kwamba kuanzia sasa ubao uwe na maelezo.

Barua hii ataichukua Mwalimu Shemsa, anayepita kwangu kesho akitoka kwao Kiembe Samaki.

Ami yako,
Anselmi

*

Mkunazini
24 Agosti 2025

Mwanangu Sichana,

Salamu. Natumaini mko wazima, na kwamba kikohozi cha Muhiddin kimepoa. Sijapata neno kutoka kwako, wala sikudai. Najua mna kazi.

Abdulrazak nilimwuliza habari za kina kirefu. Alisema haangalii bahari, anaangalia barafu yake isiyeyuke. Sikumwuliza zaidi.

Ikiwa dawa yangu imezidisha ugonjwa, nitafahamu. Naomba tu mstari mmoja.

Anakuletea Abdulrazak huyo huyo.

Ami yako

*

Jambiani
14 Septemba 2025

Ami yangu,

Shikamoo, na uniwie radhi. Muhiddin kapona. Mimi ndiye nliyekuwa sina uso. Barua yako nliwasomea kinamama, yote, pamoja na ile mashine. Wakasikiliza mpaka mwisho. Nkadhani imeingia. Kisha Bi Time akasema, "Ikiwa chuma na mpira vimenitoa roho namna ile, mwenye nyama na damu je?" Wakainuka wote wakaenda zao.

Sikuweza kukuandikia hivyo. Ulikuwa umeandika vizuri sana.

Mabamvua mawili yakapita, mimi na Nusrat peke yetu. Kamba za upande wa nje zikazidiwa, tukaziacha. Wale wanaolitaka eneo wakaanza kuja ufuoni kutembea jioni, wanahesabu maboya yetu.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita tuko kwenye kina, mimi nasafisha, Nusrat kashika dumu. Ufuoni wamekaa kinamama wanafunga mbegu kwenye kamba. Nusrat, unamjua hana adabu, akaanza kuimba zile sauti mbili za muziki. Polepole. Kisha haraka. Maji yalikuwa kimya, ikasikika mpaka ufuoni. Bi Time akainuka.

"Nusrat! Nyamaza!"

Nusrat akazidisha.

"Mwana kizimwi wewe! Papa akija atakuonja atakutema, mifupa mitupu!"

"Basi atakuja kwako, Bi Time, huko ndiko kwenye nyama!"

Ami, ufuo mzima ulilala kwa kicheko. Bi Time akachukua dumu la Bi Duni, akakusanya nguo yake, akaingia majini kumfuata Nusrat ampige. Anakuja anatukana. Anatukana mpaka babu yake Nusrat. Maji yakamfika kifuani, anatukana. Yakamfika shingoni, miguu ikaachana na mchanga, yuko juu ya dumu anapiga teke na bado anatukana. Alipomfikia akamzaba kofi moja la maji. Kisha akatazama chini, akaona alipo. Akanyamaza.

Mimi na Nusrat tukashikilia dumu letu.

Akashika kamba iliyokuwa mbele yake. Akasema, "Hii nani kaiacha chafu namna hii?" Akaanza kung'oa majani.

Bi Duni akaingia, anadai dumu lake. Wengine wakafuata. Tangu siku hiyo wanaingia wote, na lazima mmoja aimbe na mmoja atukane, vinginevyo hawaendi. Kamba za nje tumezirudia. Jana wale wa jioni hawakuja.

Sasa wana sharti, na wamenituma nikuandikie. Wanataka kuiona tena. Hapa Jambiani, kwenye shuka. Bi Time anasema mara ya kwanza aliona nusu, nusu nyingine alikuwa ndani ya mtandio, na hawezi kuendelea kuhadithia kitu ambacho hakukiona. Wanamtaka Mansour na mashine yake. Na wanakutaka wewe. Nliwaambia Ami hasafiri tangu Bi Felista afariki. Bi Time akasema, "Mwambie kututisha katutisha akiwa kwao. Aje atutishe kwetu, tumpe chakula."

Sikulazimishi, Ami. Abdulrazak atangojea majibu yako.

Mwanao,
Sichana

*

Mkunazini
18 Septemba 2025

Kwa mwanangu mpendwa Sichana, na kupitia kwako kwa Bi Time na kinamama wote.

Nawasalimu kwa heshima na kwa furaha ambayo sitajaribu kuipamba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa.

Naomba radhi kwa ile dawa. Nilituma maelezo mahali palipohitaji utani, na hilo ndilo kosa la mtu aliyesomeshwa na mapadri: hudhani hofu ni hesabu iliyokosewa, ukiisahihisha imekwisha. Nilifikiri pia kwamba filamu ile ndiyo iliyowatoa majini. Sasa naona kwamba wimbo wake ndio unaowaingiza, nami sina la kulieleza hilo. Bi Time na alieleze, bombani.

Mansour amekubali. Anauliza kama shuka ni jeupe na kama upepo wa huko unatulia jioni. Nimemjibu kwamba shuka nitawauliza, upepo sitawauliza.

Ama mimi. Ni kweli kwamba sijatoka mjini tangu tulipomzika Felista. Watu wamenialika kwa wema, nami nimewajibu kwa wema, nikabaki. Kila mlango niliofikiri kuupita niliona nitaupita peke yangu. Mwaliko wa Bi Time sijui kuukataa. Nimeutafutia maneno ya adabu tangu alfajiri na sikuyapata, kwa kuwa hakuniomba, ameniagiza.

Naomba kiti nyuma, nyuma ya wote.

Nilikwisha kuikunja barua hii na kumpelekea Abdulrazak pale sokoni. Ameitazama, akanitazama mimi, akasema kiti cha mbele garini ni kitupu na yeye si posta. Nimerudi kuchukua kofia na kuongeza mistari hii. Barua, basi, nitaileta mwenyewe.

Ami yako,
Anselmi