Bega Lako, Mdogo Wangu, Nililiumiza Mimi

Mdogo wangu Ambakisye,

Nimekukosea. Lile bega lako nililiumiza mimi kwa mdomo wangu, halafu nikaacha watu waamini kwamba ulijitakia.

Unakumbuka chuma chetu cha mazoezi nyuma ya nyumba pale Ibighi? Bomba la maji na ndoo mbili za rangi tulizojaza zege. Mvua ikizidi tunakihamishia chini ya bati la jiko, Mama analalamika tunamkanyagia kuni. Mimi nilinyanyua kila jioni na vijana wa mtaani, najiita mwalimu. Wewe ulikuja Jumamosi tu. Unapandisha polepole, unashusha polepole, mpaka mikono inakataa kabisa. Robo saa haifiki. Unavaa koti, basi, mpaka wiki nyingine.

"Malafyale ameshachoka!" nilikuwa nakupigia kelele. "Chifu wetu anarudi kulala!"

Hukukasirika. Siku moja ulinijibu, "Kaka, chai unachuma kila siku mti uleule? Si unauacha kwanza uchipue?"

Vijana wakacheka, safari hii wakinicheka mimi. Hapo ndipo roho yangu iliharibika.

Kesho yake Jumapili, unatoka kanisani, nikakuita mbele yao. Nilikuwa nimefunga tofali kila upande wa chuma kwa waya. Ukasema, "Leo siwezi, kaka. Mwili bado unauma tangu jana."

"Basi nenda kawasaidie kina mama kumenya ndizi."

Ukavua koti la kanisani, ukalikunja vizuri, ukaliweka juu ya kuni. Nilijua hutaweza. Nilitaka ushindwe wakuone, basi. Ule mlio wa bega ulipokinyanyua sikuutarajia.

Mama alipotoka mbio nikamwambia, "Hana mazoezi huyu, Mama. Uvivu wake huo." Mpaka unahamia Kinyala kwa wakwe zako hukumwambia mtu. Na Mama hadi leo akiulizwa habari zako anasema, "Yule alijiumiza kwa uvivu." Mimi nimekaa palepale, nakunywa chai.

Mwaka huu mgongo umenigomea. Kila siku siwezi tena, nikabaki na Jumamosi, kidogo, kwa nguvu zote, kama wewe. Mdogo wangu, nguvu zimerudi. Juzi nimepandisha mkungu wa ndizi kutoka bondeni bila kutua. Badala ya kufurahi nikakaa chini pale nilipoutua, nakuwaza wewe unavyovaa shati kwa mkono mmoja. Wananiambia shamba lako la chai limekuwa pori, mkono haunyanyuki.

Naogopa, sikufichi. Mama amezeeka, na ananitegemea mimi. Sijui ataniangaliaje.

Lakini Jumamosi hii, kabla sijashika chuma, nitamtoa jikoni, nitawaita na wale vijana, niseme nani alikuita siku ile na alikuambia nini. Kunifukuza, anifukuze. Jumapili siji, nisikuharibie ibada. Jumatatu, umande haujakauka, nitakuwa Kinyala kwenye chai yako, naanza kuchuma. Si lazima utoke nje. Ila ukiona mtu shambani na kapu mgongoni, ujue Mama ameshaambiwa. Nisipomwambia, sitathubutu kukanyaga kwako.

Wasalimie wakwe. Jumatatu.

Ni mimi kaka yako