Mstari Aliokata Ndeshi

Jumamosi, 2 Juni 2001

Salamu kwanza, maana sijazoea kuandika bila salamu hata kama hakuna wa kuzipokea. Mimi mzima. Baba Eli mzima, yuko Momela analinda lango la hoteli, atarudi mwisho wa mwezi. Elibariki mzima huko Dar, ingawa wiki ya tatu hii kimya. Bibi yao mzima, miguu tu inamsumbua na baridi hii. Shangazi Anasia kule mlimani mzima, juzi kaleta ndizi. Ndeshi mzima, ila chakula anakigusagusa tu. Mbuzi wote wawili wazima.

Nimefua. Nimemenya ndizi. Saa nane Ndeshi akanichukua mjini.

Tangu amalize kozi ya kompyuta huyu binti yangu hajaajiriwa, na wala hatafuti. Anatengeneza kitu chake mwenyewe, peke yake, chumbani, kwa ile kompyuta kuukuu baba yake aliyoondoka nayo kiwanda kilipouzwa na wao wakapunguzwa. Anakiita brauza. Ni ya kufungulia kurasa za intaneti. Zipo za Wazungu, lakini anasema zile zinataka laini yenye nguvu na ya kwetu inakatika kila mara. Ya kwake inatupa picha zote, inaacha maneno. Maandishi makubwa, vitufe vya Kiswahili. Ukurasa ukishaingia haupotei hata simu ikikatika. Anataka akina mama wa kahawa waone bei ya mnada kwa macho yao, maana siku hizi kila mnunuzi anapanda mlimani na bei yake na hakuna wa kumbishia.

Mimi ndiye wa kuijaribu. Kaniketisha kwenye kafe ya intaneti ya Mama Rashidi, ghorofani, karibu na soko. Kazi yangu nitafute bei ya kahawa. Nisimuulize kitu, na yeye asinisaidie. Nikikwama anaandika kwenye daftari lake.

Nimekwama mara kumi na moja. Bei sikuiona kabisa. Nilisoma mpaka mwisho wa kioo nikasema haipo. Kumbe ukurasa unaendelea chini, mpaka uuvute. Ningejuaje? Kila nikigeuka yeye anaandika. Nikawa kama niko darasa la nne tena, mwalimu kasimama nyuma yangu. Mwaka ule ndio walionitoa shule nilee wadogo zangu.

Nimemwangusha mwanangu.

Jumatatu, 4 Juni

Ukungu toka asubuhi, nguo hazikauki.

Ndeshi kanieleza jambo lenyewe. Kuna bwana wa mradi wa wakulima. Atakuja Jumamosi ya tarehe 16. Akina mama wa kikundi cha Shangazi Anasia watashuka, watajaribu mbele yake. Wakiweza wenyewe, atawawekea kompyuta kwenye ofisi ya kikundi, na Ndeshi ndiye atakayeitunza na kuendelea kuiboresha hiyo brauza yake. Wasipoweza, basi. Atakwenda kukaa mapokezi kwenye ofisi moja ya watalii. Nafasi ipo, wanamngoja.

Aliposema mapokezi alitazama pembeni. Miaka miwili yote ile chumbani.

Mambo kumi na moja niliyoharibu mimi. Sina raha.

Jumatano, 6 Juni

Nimemdanganya Ndeshi kwamba naenda mazoezi ya kwaya. Nimekwenda kwa Mama Rashidi. Nikamwomba anifundishe.

Akacheka mpaka wateja wakageuka. "Mama Eli, wewe unaiba mtihani."

Nikamwambia siibi, najifunza. Akasema mwanafunzi hujifunza na mwalimu wake akijua. Lakini kanifundisha. Naandika hapa, kitufe kwa kitufe, nisije nikasahau:

Cha tatu kutoka juu. Bonyeza mara mbili, haraka. Subiri, usiguseguse. Kulia pembeni kuna kijiti. Kishike, kivute chini, usikiachie. Bei hiyo hapo. Kurudi, mshale wa kushoto.

Nimerudia mara nyingi mpaka mkono umezoea. Sielewi kwa nini inakuwa hivyo. Mkono ndio unajua.

Jumamosi, 9 Juni

Nimepita. Nimekwama mara moja tu.

Ndeshi hakuamini. Alikuwa bado hajabadilisha lolote, anasema alitaka kwanza anione kwa mara ya pili. Akafungua daftari lake, akachukua rula, akaanza kukata mistari. Mmoja mmoja. Ule wa ukurasa kuendelea chini akaukata pia. Akasema kumbe mtu anahitaji kuzoea kidogo tu, hakuna haja ya kubomoa nyumba yote. Akanishika bega mbele za watu.

Mama Rashidi alikuwa anafuta meza. Alifuta meza moja muda mrefu sana.

Jumanne, 12 Juni

Leo sikukwama hata mara moja. Daftari jeupe.

Ndeshi kala sahani mbili. Kaimba akiosha vyombo. Ameshatengeneza disketi za kuwagawia akina mama.

Moyoni najua nilichofanya. Lakini sahani mbili.

Jumamosi, 16 Juni

Sijui nianzie wapi.

Walikuja wanane kwa Mama Rashidi. Wamejifunga khanga zao nzuri, Shangazi Anasia mbele. Tukaamkiana vizuri, nikamwambia shikamoo, akanijibu marahaba mke wetu, akaniulizia kila mtu nyumbani. Bwana wa mradi akakaa nyuma na karatasi zake. Ndeshi akawaeleza, akasema leo hatawasaidia, wafanye wenyewe.

Shangazi akakaa wa kwanza. Mikono yake ile ya kuchuma kahawa juu ya mausi kama ameshika kifaranga. Akabonyeza. Ukurasa ukaja. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anasoma somo kanisani. Akafika mwisho wa kioo. Akasema, "Bei haipo."

Ndeshi akasubiri. Shangazi akaanza tena kutoka juu. Akafika mwisho. Haipo. Wenzake wakaanza kunong'ona. Bwana akatazama saa.

Mimi ndiye niliyesema. Hakuna aliyeniuliza.

"Shangazi, iko hapo chini. Mbona hata mimi niliweza? Ni kutotaka tu."

Mbele ya wote. Mbele ya mgeni. Kwa dada wa marehemu baba mkwe wangu, aliyenipokea nilipoletwa kutoka Machame sijui hata neno moja la Kimeru.

Akaingiza mikono ndani ya khanga. Akasema taratibu, "Basi wewe una akili, mke wetu. Sisi tutarudi kwenye mibuni yetu."

Wengine wawili wakajaribu. Waliishia pale pale. Waliobaki wakakataa kukaa.

Bwana akamwomba mama yake Ndeshi aonyeshe, yaani mimi. Mkono ungeweza. Lakini nilimwona Shangazi ananitazama. Nikasema nimesahau miwani.

Mimi sina miwani. Ndeshi anajua sina.

Jumapili, 17 Juni

Ibada ya kwanza. Walipoitwa kwenye meza ya Bwana sikwenda. Nilibaki kwenye benchi na wale wasiobarikiwa. Jirani akadhani naumwa.

Ni kweli, naumwa aibu.

Jumanne, 19 Juni

Ndeshi haingii chumba cha kompyuta. Kaifunika kwa kitambaa cha meza.

Anaongea peke yake akichambua maharage. Mama aliweza. Mara mbili aliweza. Mama ni darasa la nne, Shangazi alimaliza la saba, tena anasoma kuliko mama. Kwa nini mama aweze na Shangazi ashindwe? Anasema kuna kitu hakioni. Anasema labda hakuzaliwa kwa kazi hii, mtu mwenye kipaji angekiona.

Mimi nilikuwa hapo hapo, nimeshika ungo. Nilikuwa na jibu lote mdomoni. Nikasema maharage haya yana mawe mengi.

Jumatatu ijayo anaanza mapokezi. Sketi nyeusi ameshaipiga pasi.

Mimi ni mama gani?

Alhamisi, 21 Juni

Asubuhi nilikwenda mpakani mwa shamba nikakata majani mawili ya isale. Moja nikalifunga fundo pale pale. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani hilo, na akishaletewa hawezi kukataa kusamehe. Lakini anapelekewa mkubwa, au mtu wa rika lako. Sijawahi kusikia mama akimpelekea mtoto aliyemzaa. Nilisimama nalo pale mpakani mpaka umande ukaniloanisha miguu.

Nikatoa kile kitambaa. Nikaliweka jani ndani ya daftari hili, kwenye ukurasa wa Jumatano ya tarehe 6, nikaliacha wazi juu ya kibodi. Nikamwita.

Akaliona jani. "Mama, hili unampelekea nani?"

"Wewe. Soma."

Akasoma amesimama. Cha tatu kutoka juu. Bonyeza mara mbili. Akasoma tena. Kisha akageuza, akasoma na ya mbele yake, mpaka ile ya miwani. Nilimwacha. Nilimtazama kisogo, nywele zimelegea upande mmoja, nikatamani anipigie kelele.

Hakupiga. Akakaa. Akasema, "Mimi sikuhitaji uweze, mama. Nilihitaji ukwame."

Nikamwambia nilidhani kila ukiandika, unaandika ujinga wangu.

Akasema alikuwa anaandika makosa yake yeye. Yote kumi na moja yalikuwa yake.

Hapo ndipo nililia. Si kidogo. Yeye hakunibembeleza, na sikustahili. Alifungua daftari lake, akatafuta ule mstari alioukata na rula, ule wa ukurasa kuendelea chini, akauandika upya kwa kalamu nyekundu. Baada ya hapo hakusema nami mpaka jioni. Sahani yake aliichukua akala chumbani.

Lakini jani hakulitupa. Niliporudishiwa daftari langu halikuwamo.

Ijumaa, 22 Juni

Nimepanda mlimani na jani la pili. Njia ina matope, nimeanguka pale kwenye mfereji, nimefika kwa Shangazi na gauni limechafuka upande mzima. Vizuri. Sikustahili kufika msafi.

Nilimkuta anapalilia. Sikungoja karibu. Nikamwambia yote: mtihani wa wizi, miwani ambayo sina, na kwamba siku ya kwanza na mimi nilisoma mpaka mwisho wa kioo nikasema haipo. Kama yeye. Neno lile lile.

Akalipokea isale, akalichomeka kwenye kilemba chake. Akauliza, na wewe hukuona? Nikasema sikuona. Akauliza mara ya pili. Nikasema sikuona, Shangazi, na nilikaa pale nikatafuta kuliko wewe.

Akacheka. Alicheka akiegemea jembe. Akasema wiki nzima alikuwa anajiona mzee amekwisha, hata Biblia alikuwa anaisoma kwa wasiwasi.

Hilo limeniuma kuliko kama angenitukana.

Kanipa ndizi na maziwa. Akasema nimtume Ndeshi apande mwenyewe amwombe washuke tena, kazi ni ya Ndeshi si ya mama yake. Ndivyo nilivyomwambia.

Jumatatu, 25 Juni

Ndeshi hakuvaa sketi nyeusi. Alikwenda mpaka ofisini kwa wale wa watalii akawaomba radhi, kisha akapanda mlimani. Amerudi na matope mpaka magotini.

Ameingia chumbani, amefunga mlango. Nasikia vidole kwenye kibodi. Bibi yao anauliza kama ni mvua.

Bado hajazungumza nami sana. Ananisalimia. Asubuhi aliniuliza kama chumvi ipo.

Jumamosi, 30 Juni

Baba Eli amerudi jana. Nimemwambia yote. Alisikiliza, akasema pole kwa wote wawili, akaenda kuwaangalia mbuzi.

Leo kwa Mama Rashidi. Bwana wa mradi hakuwepo. Ameambiwa, amesema labda mwezi wa nane atapita tena, hakuahidi kitu. Tulikuwa sisi tu, Shangazi na wenzake watatu.

Ndeshi amebadilisha. Ukurasa ukifika mwisho wa kioo sasa kuna kitufe kipana, kimeandikwa Bado kuna maneno, endelea. Shangazi alisoma kwa sauti yake ile ya kanisani. Akafika chini. Akasoma na kitufe. Akakibonyeza.

Bei ikaja. Akasema, "Kumbe yule mnunuzi wa gari jeupe ananidanganya tangu mwaka jana." Wenzake wakaangua kicheko, Mama Rashidi naye.

Kwingine alikwama mara nne. Nilikalia mikono yangu. Ndeshi aliandika mara nne.

Kisha akaniita mimi. Kanipa jambo nisilowahi kujaribu: nimwandikie Eli barua kwa intaneti. Mama Rashidi akapita nyuma yangu akasema leo hafundishi mtu. Nimekwama mara saba. Kila nikikwama nilikaa kimya, mikono mapajani, nasikia kalamu nyuma yangu. Bado inanichoma, sitasema uongo. Sikugeuka.

Laini ilikatika mara mbili. Barua haikupotea.

Nimemsalimia Eli kwa niaba ya baba yake aliyerudi jana, bibi yake na miguu yake, Shangazi Anasia aliye hapa pembeni, Mama Rashidi ingawa hamjui, na mbuzi. Ndeshi nimemtaja wa mwisho, nikaandika kwamba dada yako anafanya kazi nzuri na mimi niliiharibu, nitakueleza ukija. Ndeshi alikuwa anasoma nyuma ya bega langu. Hakusema nifute.

Mwisho nikaandika hivi: Ukiipata hii nijibu upesi, mwanangu, hata neno moja tu. Dada yako anataka kujua kama imefika. Na mimi pia.