Fahali Gitare Chini ya Hadubini

Misiera, Nakivale
9 Februari 2003

Mwanangu Uwamariya,

Bwana asifiwe. Sisi ni wazima, ila mama yako anakohoa kidogo kwa vumbi la kiangazi. Wewe je, na masomo ya maabara huko Mbarara?

Shida yetu ni fahali Gitare. Tangu mwaka jana hakuna ng'ombe aliyeshika mimba, wetu wala wa majirani. Jirani yetu Gakwaya amekuja kuniambia: "Iyi dume inakula majani bure. Tuikate ku harusi ya mutoto wangu, batu bakule nyama."

Unajua Gitare alikotoka. Nilipofika hapa kambini na fimbo tu mkononi, Musoni alinipa ndama huyo ili niitwe tena mwenye ng'ombe. Nikichinja zawadi ya rafiki, nitamtazama usoni kwa macho gani? Kama huko kuna msaada, nijulishe.

Baba yako,
Mihigo

Kakoba, Mbarara
16 Februari 2003

Baba mpendwa,

Nawasalimu wote kwa jina la Yesu. Mimi mzima, na Mama anywe maji ya moto yenye tangawizi.

Juzi nilichota maji ya dimbwi nyuma ya chumba changu, nikaweka tone moja juu ya kioo na kulitazama kwa hadubini. Baba, mle ndani mna viumbe vya seli moja tu, na vinakimbia na kugongana kama watu wa gulio. Nilicheka hadi mwalimu wangu, Goretti, akanikaripia. Kisha naye akachungulia, akacheka.

Mbegu za dume nazo ni seli hai. Tukizipata mapema, tutaona kama zinaogelea. Mwombe Kabanda, yule daktari wa mifugo wa Kaberebere, azikamue, halafu uzilete upesi ukiwa umebana chupa kwapani, maana baridi huzilemaza. Naona haya kumwandikia baba yangu mambo haya, lakini sina kaka wa kumtuma.

Binti yako,
Uwamariya

Kakoba
27 Februari 2003

Baba mpendwa,

Natumaini ulifika salama na mama hajambo. Uliponiachia chupa ukakimbilia gari la Kaberebere, mimi nilikaa kwenye hadubini mpaka jicho likauma. Mbegu zilikuwa nyingi, lakini hakuna hata moja iliyocheza. Mwalimu Goretti ametazama pia. Zote zimekufa. Nimelia, Baba. Nilitaka sana kukuandikia kitu kingine.

Binti yako,
Uwamariya

Misiera
4 Machi 2003

Mwanangu,

Amani kwako. Sisi wazima wa mwili. Nimemwambia Gakwaya amchukue Gitare; harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kwa Musoni sijakwenda, miguu inakataa.

Usijilaumu, hata sisi tulijitahidi. Mama yako aliona aibu kupeleka kitu cha heshima ndani ya chupa tupu ya dawa. Aliiosha, akaifukiza kwa moshi wa majani kama kibuyu cha maziwa, hata gari zima lilinukia. Basi, ndivyo ilivyokuwa.

Baba yako,
Mihigo

Kakoba
8 Machi 2003

Baba,

Leo salamu zitasubiri. Gitare asichinjwe!

Ule moshi tunaufukiza kwenye vibuyu ili uue vijidudu vinavyoharibu maziwa. Mbegu nazo zina uhai, basi ukaziua zilezile tulizotaka kuziona. Gitare hajahukumiwa bado. Huyu Pacifique wa bodaboda amebeba chupa niliyoichemsha mwenyewe. Njoo Jumanne, na safari hii ubaki utazame. Mama asiiguse, na umwambie nampenda sana.

Uwamariya wako

Misiera
13 Machi 2003

Mwanangu Uwamariya,

Bwana asifiwe mara nyingi. Hapa hata kikohozi kimekwisha.

Mwanzoni kwenye hadubini niliona kope zangu tu, nikafikiri mnanitania. Halafu ukazungusha kile kidude, na zikatokea, zinasukumana kama ng'ombe waliofunguliwa zizi asubuhi. Tangu tulipokimbia Kivu, kazi yangu imekuwa kuhesabu waliokufa. Jumanne nilishindwa kuhesabu walio hai, ndiyo maana nililia mbele ya mwalimu wako. Mwambie mimi si mgonjwa.

Kabanda anasema majike walikonda kwa ukame, kosa si la dume. Mvua imeanza. Gakwaya amenunua mbuzi wa harusi na ananuna, lakini atazoea. Mama yako hataki mtu ataje moshi nyumbani kwake.

Baba yako,
Mihigo

Misiera
25 Januari 2004

Mwanangu,

Amani ya Bwana. Sisi wazima, na tumeongezeka. Ng'ombe wetu Bihogo amezaa ndama jike, mweupe kama baba yake.

Nilimwita Musoni mbele ya majirani, nikamwambia ndama huyu ni wake, nirudishe shukrani. Akamzunguka, akampapasa mgongo, akakataa. "Iyi ni ya Uwamariya," akasema. Wazee wakanung'unika kwamba msichana ambaye hajaolewa hapewi ng'ombe. Musoni akawauliza: "Ni nani kati yenu aliiona mbele ya kuzaliwa? Ule mutoto njo aliiona, sisi wote tukiwa tunataka kukata baba yake."

Nami nimekubali kwa moyo wote. Ng'ombe wako anakungoja, njoo umpe jina.

Baba yako,
Mihigo