Ya Juu Ilikuwa ya Kula Deni

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Justa Mhoja
Umri: miaka 26
Kabila: Msukuma
Dini: Mkristo
Elimu: darasa la saba
Kazi: kukaanga na kuuza mapanki
Makazi: Mkolani, Mwanza
Tarehe: 2 Juni 1998, asubuhi
Mbele ya: Koplo Nurudin

Kwanza naomba radhi kwa kuchelewa. Koplo aliniita mara mbili kupitia kwa jirani yangu Zakia, na mara zote mbili sikuja. Sikudharau wito. Nyumba yangu haina mlango tangu tarehe 12 Mei, mume wangu Luhende yuko Magu anavuna mpunga wa watu, na mimi nina mtoto mchanga. Nyumba isiyo na mlango huwezi kuiacha ukaenda zako. Leo Zakia amekaa pale badala yangu, ndiyo maana nimefika. Nimeomba niandike kwa mkono wangu mwenyewe na Koplo amekubali.

Mnamo mwezi Januari 1994 mimi na Luhende tulinunua nyumba ya vyumba viwili hapo Mkolani. Hela tulikopa kwenye chama cha kuweka na kukopa chenye ofisi Igoma. Deni lilikuwa la miaka kumi, na nyumba yenyewe ikawekwa rehani mpaka liishe. Luhende wakati huo alikuwa anakata minofu kiwanda cha samaki. Aliyetuandikisha ni katibu wa chama, Mzee Antoni Chenge. Alitusomea masharti kwa sauti. Alisema riba inahesabiwa kila mwezi kwenye deni lililobaki, siyo kwenye lile tulilokopa mwanzo. Hapo nikamwuliza, "Mzee, na nikileta zaidi ya rejesho?"

Akacheka. Akasema, "Mama, hapa watu wananiletea pungufu na visingizio. Wewe uniletee zaidi?"

Nikasema, "Nikileta?"

Akasema, "Ukileta deni linashuka, na riba inashuka nalo. Miaka kumi inaweza kuwa mitano. Lakini huleti."

Nilipotoka pale nilikwenda kununua karai.

Mapanki ni migongo ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishakatwa kwenda Ulaya. Nilikuwa nayachukua alfajiri, nayakaanga, nauza barabarani Mkolani na mtoto wetu wa kwanza, Teodora, mgongoni. Rejesho la kila mwezi, shilingi elfu kumi na mbili, lilitoka kwenye mshahara wa Luhende. Hela ya mapanki niliifunga kwenye pindo la khanga. Ilikuwa elfu tano mwezi mbaya, elfu kumi na tano mwezi mzuri. Hiyo nayo niliipeleka yote.

Kila mwisho wa mwezi nilipanga foleni pale Igoma. Nikifika dirishani nilitoa rejesho, kisha nikafungua pindo na kusema kwa sauti, "Na hii ya juu ni ya kula deni." Nilikuwa nasema maneno yale yale kila mara, asije mtu akasema hakuelewa.

Mzee Chenge akaanza kunitania. Akiniona tu mwisho wa foleni alipaza sauti, "Mama Ya Juu huyo! Fungueni madirisha!" kwa sababu hela zangu zilinuka samaki. Watu wote walicheka, na mimi nilicheka. Jina likanishika. Hata watoto wa Igoma waliniita hivyo.

Stakabadhi alinipa moja tu, ya rejesho. Nilipoulizia ya juu alisema, "Hiyo naiingiza mwenyewe kwenye deni lako. Foleni nzima imekusikia." Na kweli foleni nzima ilinisikia. Lakini wale wa foleni na wao wana madeni kwake, nyumba zao ziko rehani kama yangu. Sitawataja hapa.

Luhende naye ilifika siku akachoka. Alitaka baiskeli. Jioni moja alisukuma sahani akasema, "Mama Teo, sisi tunakula mifupa ili deni lile minofu."

Nilimwambia, "Baba Teo, mshahara ni wa kiwanda, wakiutaka wanauchukua. Nyumba ikishakuwa yetu hakuna wa kuichukua. Kula." Akala. Hakuwahi kunizuia, nataka hilo liandikwe.

Mwanzo wa mwaka huu Ulaya walisimamisha samaki wetu. Kiwanda kikapunguza watu, na Luhende alikuwemo. Majirani walikuja kutupa pole kama tumefiwa. Mimi sikulia. Kwa hesabu yangu deni lilikuwa limebaki mkia, na mwisho wa Machi niliupeleka huo mkia wote, nikiwa na mimba ya miezi minane. Nilimwambia Mzee Chenge, "Shikamoo. Nimekuja kumaliza. Naomba hati yangu."

Alipokea hela. Kisha akasema, "Kumaliza nini? Mmebakiza karibu miaka sita."

Nikasema, "Na ya juu?"

Akasema, "Ya juu ipi, mama? Mimi naona marejesho tu."

Siku hiyo hakunitania, wala madirisha hayakufunguliwa. Nilimwambia kwamba shilingi nyingine haitatoka kwangu, kwa sababu sidaiwi. Nikaondoka. Mwezi wa Aprili sikulipa, na sikulipa kwa makusudi.

Mnamo tarehe 3 Mei nilijifungua salama mtoto wa kike. Tarehe 12 Mei, majira ya saa tatu asubuhi, Mzee Chenge alikuja na vijana wawili wenye tindo na nyundo. Mimi nilikuwa ndani nanyonyesha. Luhende alishakwenda Magu. Mzee alisema nyumba imepata mnunuzi, na kwa kuwa nina mtoto mchanga hatanitoa kwa nguvu, atachukua mlango tu. Akasema, "Baridi ya ziwa itakutoa yenyewe."

Wale vijana waling'oa mlango na bawaba zake. Mmoja alinong'ona, "Dada, tusamehe, tumetumwa." Nilimwambia anyanyue upande wa chini kwa uangalifu, umepasuka kidogo pale Teodora anapopiga teke akitaka kufunguliwa.

Kisha nilichukua kiti, nikakiweka pale mlango ulipokuwa, nikakaa na mtoto. Nikasema, "Mlango chukueni. Nyumba inabaki, na mimi nimo."

Mzee Chenge alisimama. Nadhani alikuwa anangoja nilie. Mtoto alikuwa anavuta maziwa na mimi namwangalia Mzee. Mwisho wake aliondoka na vijana wake na mlango wangu kwenye pikapu.

Tangu siku hiyo nakaa kwenye kile kiti. Usiku tunapokezana na Zakia, tumetundika jamvi kuzuia upepo. Mtoto mchanga alipata homa wiki ya pili, sasa amepona, yuko hapa nami. Zakia ndiye aliyekuja kituoni kutoa taarifa ya mlango, na Koplo akamwambia mwenye nyumba afike mwenyewe.

Leo asubuhi nilipoingia hapa kituoni nilimkuta Mzee Chenge amesimama kaunta, amenipa mgongo. Koplo alikuwa anamwuliza. Niliwasikia wote wawili.

Koplo alisema, "Kwa hiyo huyu mama hajawahi kulipa zaidi ya rejesho?"

Mzee akasema, "Hajawahi. Hata shilingi moja. Kwanza simfahamu vizuri, wakopaji ni wengi."

Mimi sikuwa na mpango wowote. Ni mtu mzima, rika la baba yangu, na nimelelewa kusalimia. Nikasema, "Shikamoo, Mzee."

Akageuka. Akajibu kama alivyozoea miaka minne, "Marahaba, Mama Ya Juu."

Koplo aliweka kalamu chini. Akamwuliza, "Mama nani?"

Mzee akasema, "Ni utani tu, afande."

"Nani alimpa jina hilo?"

"Watu tu."

"Watu gani?"

Mzee alitoa leso akajifuta shingo, na hapa hakuna joto. Akasema, "Nilimpa mimi."

Koplo akasema, "Ya juu ya nini, Mzee?"

Mzee aliniangalia mimi, kama vile mimi ndiye nitakayemsaidia. Mtoto alipiga chafya. Nilimfunika. Mzee akasema taratibu, "Alikuwa analeta ya juu. Kila mwezi."

Koplo akasema, "Yeye analeta ya juu, wewe ukadhani ni cha juu." Askari mwingine aliyekuwa pale kaunta alicheka mpaka akatoka nje. Mzee hakucheka. Mimi pia sikucheka, maana nilikuwa nakumbuka sahani ya Luhende.

Sijaja hapa kutaka Mzee Chenge afungwe. Hilo ni la serikali. Nimekuja kutaka vitu vyangu, na ninavyohitaji kuletewa ni hivi. Mlango wa mninga, rangi ya bluu, uliopasuka chini upande wa kushoto. Usibaki kituoni kama kielelezo, anayetaka kielelezo aje Mkolani aone tundu. Bawaba zake tatu pamoja na skrubu zote, siyo misumari. Komeo la ndani. Kufuli na funguo zake mbili. Fundi wa kuufunga, kwa gharama ya aliyeung'oa. Hati ya nyumba, ikiwa imetolewa rehani. Barua ya chama yenye muhuri, isemayo deni limekwisha na limekwishia mwezi Machi, siyo mwezi wa kuandikwa barua. Huyo mnunuzi naye aambiwe nyumba haiuzwi. Kiti kisishughulikiwe na mtu, mlango ukishafungwa nitakirudisha ndani mwenyewe.

Nimeandika niliyoyaona na kuyasikia, bila kuongeza ya juu.

Sahihi: Justa Mhoja

MAELEZO YA ASKARI: Shahidi ameandika mwenyewe mbele yangu, akisimama mara mbili kunyonyesha. Nimemsomea, amekubali kuwa ni sahihi, ametia sahihi. Mtuhumiwa amebaki kituoni kwa mahojiano zaidi. Mchana huu mlango umepatikana stoo ya chama, Igoma, pamoja na bawaba tatu, komeo, kufuli na ufunguo mmoja. Umepelekwa Mkolani na kufungwa na fundi. Jirani Zakia, aliyekutwa amekaa kwenye kiti mlangoni, alikataa kuinuka mpaka skrubu ya mwisho ilipokazwa. Bado kuletwa: ufunguo wa pili, hati, barua.

Koplo Nurudin